Maji Yaliyotulia Hayatulii

Ziwa linapotulia asubuhi, kabla upepo haujaamka, watu husema: "Leo maji ni kioo." Milima inaonekana ndani yake, na mitumbwi ya wavuvi ni kama imesimama juu ya mbingu. Basi tunadhani kwamba maji hayo hayatikisiki hata kidogo. Lakini wahenga walisema: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wataalamu wa fizikia wamehakikisha kwamba juu ya maji yaliyotulia kabisa, hata yale ya kikombe kilichowekwa mezani katika chumba kilichofungwa, viwimbi havikosi. Vinazaliwa na kufa usiku na mchana, bila upepo, bila samaki, bila mkono wa mtu.

Kimo cha viwimbi hivyo ni kidogo mno. Ukigawa milimeta moja katika sehemu milioni kumi, kimo chao ni kama sehemu tatu au nne tu. Ndiyo kusema, kimo cha kiwimbi karibu kinalingana na unene wa molekuli moja ya maji, yaani ile chembe ndogo kabisa ya maji.

Labda utauliza: "Kitu kidogo namna hiyo, nani alikiona? Na kama hakuna aliyekiona, walijuaje kwamba kipo?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni habari ya miaka mingi. Mtu wa kwanza alivitabiri viwimbi kwa akili yake, akafa kabla havijapimwa. Wa pili alivihesabu kwa kalamu, akaona nuru yao tu. Wengine wakaja baada ya miaka hamsini na zaidi, wakiwa na taa ya namna mpya, ndio waliopima mwendo wao. Tufuate habari hiyo polepole.

Maji yana ngozi

Mtoto yeyote anaweza kuweka sindano kavu juu ya maji ya bakuli kwa uangalifu, na sindano haizami. Tena kuna wadudu wanaotembea juu ya maji ya kijito kana kwamba wanatembea juu ya mkeka. Sababu yake ni hii: Chembe za maji zinavutana. Chembe iliyo ndani inavutwa na wenzake pande zote, juu, chini na kando. Lakini chembe iliyo juu kabisa haina wenzake juu yake. Inavutwa kando na chini tu. Kwa hiyo uso wa maji unakazwa kama ngozi ya ngoma. Wataalamu huita nguvu hiyo mvutano wa uso. Sisi tuseme tu ngozi ya maji.

Ngozi hiyo inaharibika upesi. Chembe kidogo ya mafuta au ya sabuni inatosha kuilegeza. Mtu mmoja aliyechunguza jambo hilo kwa bidii hakuwa profesa. Alikuwa binti wa nyumbani, jina lake Agnes Pockels, wa mji wa Braunschweig, Ujerumani. Wakati ule wanawake wa kwao hawakupokelewa katika vyuo vikuu. Yeye alikuwa akitunza wazazi wake wagonjwa na kuosha vyombo jikoni, akaona jinsi maji yenye mafuta yanavyokuwa tofauti na maji safi. Akajitengenezea chombo kama sinia refu, chenye kipande cha bati cha kusukuma mafuta yaliyo juu ya maji, akaanza kupima nguvu ya ngozi ile. Katika mwaka 1891 alimwandikia barua mtaalamu mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh. Huyu hakumdharau. Aliipeleka barua ile kwa gazeti la elimu liitwalo Nature, nayo ikatolewa mwaka uleule. Tangu hapo watu wakajua kwamba anayetaka kupima ngozi ya maji lazima aanze kwa usafi mkubwa.

Mbio za viwimbi

Miaka ishirini kabla ya hapo, katika mwaka 1871, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa ameandika juu ya mawimbi madogo. Alionyesha kwamba nguvu mbili zinarudisha uso wa maji mahali pake unapoinuka. Nguvu ya kwanza ni uzito wa maji yenyewe. Ndio unaotawala mawimbi makubwa. Nguvu ya pili ni ile ngozi. Ndiyo inayotawala mawimbi madogo. Mpaka kati yao, kwa maji safi, ni karibu sentimeta 1.7, tukipima kutoka mgongo wa wimbi moja mpaka mgongo wa wimbi linalofuata. Wimbi la kipimo hicho ndilo la polepole kuliko yote: linakwenda sentimeta 23 kwa sekunde.

Na hapa pana ajabu. Katika mawimbi ya baharini, yale marefu ndiyo yaendayo mbio. Kumbe katika viwimbi mambo yamepinduka: kadiri kiwimbi kinavyokuwa kifupi, ndivyo kinavyokimbia zaidi. Kiwimbi cha maji chenye urefu wa sehemu moja ya kumi ya milimeta kinakwenda zaidi ya meta 2 kwa sekunde, na uso wa maji unapanda na kushuka karibu mara 21,000 kwa sekunde moja.

Msomaji ashike sana neno hili, maana ndilo ufunguo wa habari yote: mbio za kiwimbi zinategemea nguvu ya ngozi. Mpe mtaalamu urefu wa kiwimbi na hesabu ya mitikisiko yake, naye atakuambia ngozi ya maji ina nguvu gani, bila kuigusa hata kwa ncha ya sindano.

Joto ni mwendo

Lakini ni nini kinachozaa viwimbi pasipo upepo? Jibu ni joto.

Katika mwaka 1827 Mskoti Robert Brown, mtaalamu wa mimea, alitazama kwa mikroskopi vipande vidogo sana vilivyotoka katika chavua ya maua, vikielea ndani ya maji. Akaona vinacheza bila kupumzika, huku na huku. Kwanza alidhani labda vina uhai. Akajaribu unga wa mawe, nao ukacheza vilevile. Kwa karibu miaka themanini hakuna aliyeweza kueleza mchezo huo kwa hesabu kamili.

Siku hizo wenye elimu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kwamba vitu vyote vimefanywa kwa atomu na molekuli, na kwamba joto si kitu kingine ila mwendo wa chembe hizo. Wengine, tena watu wenye sifa kubwa, walijibu: "Nani amewahi kuona atomu? Msituletee hadithi." Ubishi ulikuwa mkali. Albert Einstein katika mwaka 1905, na Marian Smoluchowski katika mwaka 1906, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba vipande vya Brown vinasukumwa na molekuli za maji zinazovigonga pande zote bila mpango. Kisha Mfaransa Jean Perrin akapima mambo hayo huko Paris kwa saburi kubwa, akakuta hesabu zao ni za kweli. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel katika mwaka 1926.

Huyu Smoluchowski ndiye anayetupasa sasa. Alikuwa Mpolandi, aliyezaliwa karibu na Vienna katika mwaka 1872. Alipenda sana kupanda milima, na alifundisha katika mji wa Lwów, halafu Kraków. Katika mwaka 1908 alikuwa akichunguza kwa nini gesi au maji yanayokaribia kiasi fulani cha joto na mkandamizo huwa meupe kama maziwa. Alieleza kwamba, kwa sababu ya mwendo wa joto, chembe hazikai sawasawa: mahali hapa zinasongamana kidogo, mahali pale zinapungua, nayo nuru inayopita hutawanyika. Akaongeza wazo moja: ikiwa ndivyo ilivyo ndani, basi juu pia uso wa maji hauwezi kuwa laini kabisa. Lazima uwe na mabonde na vilima vidogo vinavyobadilika daima.

Smoluchowski hakupata kuona jinsi wazo hilo lilivyozaa matunda. Katika mwaka 1917, wakati wa vita, ugonjwa wa kuhara damu uliingia Kraków. Ukamwua akiwa na umri wa miaka 45 tu, muda mfupi baada ya kuchaguliwa kuwa mkuu wa chuo kikuu chake.

Kijana aliyefukuzwa chuoni

Wazo la Mpolandi lilikuwa limeokotwa na Mrusi, Leonid Mandelstam. Alikulia Odessa, akaingia chuo kikuu cha huko, lakini katika mwaka 1899 akafukuzwa kwa sababu ya fujo za wanafunzi zilizopinga serikali. Basi akaenda Strasbourg, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya Ujerumani na sasa ni wa Ufaransa. Huko akawa mwanafunzi, kisha msaidizi wa Profesa Ferdinand Braun, mmoja wa mabingwa wa simu ya upepo, na mwenyewe akafanya kazi ya mawimbi ya redio. Kwa hiyo mawimbi alikuwa ameyazoea.

Katika mwaka 1913 aliandika maneno yake juu ya kukwaruza kwa uso wa maji. Alifikiri hivi: Uso wenye vilima na mabonde yasiyo na mpango tunaweza kuuhesabu kama mchanganyiko wa viwimbi vingi, virefu na vifupi, vinavyokwenda pande zote. Joto linampa kila mmoja wao posho ileile ya nguvu, bila upendeleo. Lakini ngozi inavuta uso ubaki sawa. Ngozi ikiwa imara, kiwimbi kwa posho yake kitainuka kidogo tu. Ngozi ikiwa dhaifu, kwa posho ileile kitainuka zaidi.

Na vitaonekanaje? Fikiri juu ya bati la nyumba. Bati lililonyooka linarudisha nuru ya jua upande mmoja, linakuchoma macho ukiwa mahali pamoja tu. Bati lenye mikunjo linatupa nuru pande nyingi. Ndivyo ulivyo uso wa maji: nuru karibu yote inarudi kwa njia moja kama katika kioo, lakini viwimbi vinapotosha sehemu ndogo sana na kuitupa kando. Tena kila urefu wa kiwimbi una kando yake. Vifupi vinaitupa nuru mbali, virefu vinaitupa karibu.

Kwa maji ya kawaida nuru hiyo ya kando ni haba mno. Mandelstam akatafuta hila. Kuna maji ya aina mbili yanayokataana yakiwa baridi, kama mafuta na maji, lakini yakipashwa moto yanakubali kuchanganyika. Yanapokaribia joto la kuchanganyika, ngozi iliyo kati yao inazidi kulegea, mpaka inakwisha kabisa. Basi mahali hapo, akasema, viwimbi vitakuwa vikubwa, na nuru ya kando itaongezeka. Akajaribu, akaiona nuru hiyo ikitoka katika mpaka wa maji yale mawili. Katika mwaka 1914, karibu na kuanza kwa vita, akarudi kwao.

Baada ya miaka kumi hivi, huko Calcutta, Uhindi, C. V. Raman na mwenzake L. A. Ramdas walichunguza nuru inayotawanywa na nyuso za vitu vingi vya majimaji. Katika mwaka 1925 walionyesha jinsi nuru hiyo inavyofuatana na nguvu ya ngozi. Watu wakakubali: viwimbi vipo.

Mlango uliofungwa

Lakini kujua kwamba viwimbi vipo si kujua mbio zao. Nuru inayorudishwa na kitu kinachokwenda inabadilika kidogo, kama vile honi ya motokari inavyosikika kwa sauti ya juu inapokuja na ya chini inapokwisha kupita. Basi nuru iliyotupwa na kiwimbi kinachokwenda lazima iwe imebadilika. Mbona hawakuipima?

Tazama hesabu. Nuru nyekundu inatikisika karibu mara 474,000,000,000,000 kwa sekunde. Kiwimbi chetu cha sehemu moja ya kumi ya milimeta kinaongeza au kupunguza mara 21,000 tu. Ni kama kumtafuta mtu aliyeongeza chembe moja ya mchanga katika gunia elfu. Hakuna kioo wala chombo cha miaka ile kilichoweza kutambua badiliko hilo. Tena nuru ya taa za zamani ilikuwa mchanganyiko wa mitikisiko mingi, kama soko ambamo watu wote wanasema pamoja. Ndiyo maana mlango ulibaki umefungwa tangu 1913 mpaka miaka ya 1960. Mandelstam mwenyewe alifariki mwaka 1944.

Taa mpya

Katika mwaka 1960, Mmarekani Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka uleule wataalamu wengine wa Marekani wakafanikiwa kutengeneza leza ya gesi inayowaka bila kukatika. Nuru ya leza si kama ya taa nyingine. Inakwenda kama mwale mmoja ulionyooka, na mitikisiko yake yote ni sawasawa, kama kwaya inayoimba noti moja.

Sasa hila ya mwisho. Mtu anayekaza nyuzi za gitaa anajua kwamba nyuzi mbili zikikaribia kulingana bila kulingana kabisa, sauti inapanda na kushuka polepole. Uzi mmoja ukitikisika mara 440 kwa sekunde na mwenzake mara 443, utasikia kupanda na kushuka mara 3. Huhitaji kuhesabu 440. Unahesabu tofauti tu. Wataalamu walifanya vivyo hivyo kwa nuru. Walichukua nuru iliyotupwa kando na viwimbi, wakaichanganya na nuru kidogo ya leza ileile isiyobadilika, wakaziangusha pamoja juu ya chombo kinachogeuza nuru kuwa umeme. Umeme ule ukapanda na kushuka kwa tofauti ya nuru mbili, mara elfu kadhaa kwa sekunde. Hesabu ya namna hiyo ni kazi nyepesi kwa vyombo vya redio.

Wa kwanza walikuwa Robert Katyl na Uno Ingard, wa chuo cha MIT huko Marekani, katika miaka 1967 na 1968. Katika mwaka 1968 pia, huko Paris, Marie-Anne Bouchiat, Jacques Meunier na Jean Brossel walitoa matokeo yao. Mwaka uliofuata Bouchiat na Meunier walipima viwimbi juu ya gesi ya kaboniki iliyogeuzwa kuwa maji kwa mkandamizo, karibu na digrii 31, mahali ambapo ngozi yake inakaribia kutoweka. Hivyo maneno ya Smoluchowski na ya Mandelstam yakahakikishwa kwa vipimo.

Kazi yenyewe inahitaji mikono mitulivu. Kwa kiwimbi chetu kilekile, mwale wa leza ukishuka wima, nuru yake inatoka kando kwa chini ya nusu ya digrii. Katika umbali wa meta 3 inaangukia karibu sentimeta 2 tu kutoka nuru kubwa inayorudi. Mtu akipita chumbani, au motokari ikinguruma barabarani, maji yanatikisika na kipimo kinaharibika.

Viwimbi vinasema nini?

Kipimo hicho kinatoa habari mbili kwa pamoja. Hesabu ya mitikisiko inaonyesha nguvu ya ngozi. Tena kila kiwimbi kinakufa upesi: kile chetu cha maji hakimalizi sehemu moja ya elfu ya sekunde, na wengine wanazaliwa mahali pake. Katika kitu kizito kidogo kuliko maji viwimbi vinakufa upesi zaidi. Basi jinsi vinavyokufa inaonyesha uzito wa kutiririka.

Na yote hayo bila kugusa. Hiyo ndiyo faida kubwa, maana njia za zamani zilichovya pete au bamba ndani ya maji, na kumbe kugusa ni kuharibu. Kwa nuru wataalamu wamechunguza tabaka za mafuta zenye unene wa molekuli moja tu, kama zile za Agnes Pockels. Jambo hilo si mchezo. Ndani ya mapafu yetu kuna maji membamba sana, na juu yake tabaka ya mafuta inayolegeza ngozi ya maji hayo ili pafu lisinywee. Katika mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Marekani, walionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kufa kwa kushindwa kupumua walikuwa wamepungukiwa na mafuta hayo. Siku hizi watoto kama hao hutiwa dawa ya namna hiyo ndani ya mapafu, na wengi wanapona. Anayejua jinsi ngozi ya maji inavyokazwa na kulegezwa hajui jambo dogo.

Mwishowe, katika mwaka 2004, wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, walitengeneza mchanganyiko wa majimaji wenye vidonge vidogo vya plastiki ndani yake. Mchanganyiko huo unajigawa pande mbili, na ngozi iliyo kati yao ni dhaifu kuliko ya maji karibu mara milioni moja. Kwa posho ileile ya joto viwimbi vikainuka sana, vikaenda polepole. Dirk Aarts na wenzake wakavitazama kwa mikroskopi ya leza, wakavipiga picha: vilima na mabonde, vikipanda na kushuka bila kupumzika.

Tangu maneno ya Smoluchowski mpaka picha hiyo ilipita miaka 96. Mpolandi aliona kwa akili, Mrusi akaona nuru, Mmarekani na Mfaransa wakapima mwendo, Mholanzi akapiga picha. Hakuna aliyeianza na kuimaliza kazi hiyo peke yake, na hakuna aliyetupa kazi ya mwenzake aliyemtangulia.